Siku Mama Aliporudisha Shoka

Harufu ya kuni zilizopasuliwa sasa hivi ina uchachu kidogo, kama maji ya mihogo iliyolowekwa, na ndani ya uchachu huo mna utamu unaokaa nyuma ya pua. Wajukuu zangu wananicheka. Wanasema koko, yaani mimi bibi yao, akipita mahali wanapopasua kuni husimama njiani kama mtu aliyeitwa jina. Ni kweli, nasimama. Mwingine akiinusa harufu hiyo atafikiria chungu na moto na chakula cha jioni. Mimi namfikiria Mama, miguu ameitanua kama mwanamume, kikwembe cha kiunoni amekikaza juu ya magoti, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, na uso wake umekasirika kwa namna ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine.

Tulikaa kijijini, nje kidogo ya Kasongo, upande wa njia inayokwenda Kabambare. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji. Sisi watoto hatukujua Ubelgiji ni nini. Tulijua Bulamatari, na ndani ya jina hilo tuliwatia wote, mzungu wa posta ya serikali, karani wake, polisi, hata baiskeli ya karani. Bulamatari alitaka pamba. Kila nyumba ilipimiwa shamba la pamba, na munitere, yaani msimamizi wa kilimo, alipita na kamba yake kuona kama kweli imepandwa.

Baba yangu, Asumani, alikuwa mtu mpole wa maneno ya polepole. Lakini mpole naye ana mahali anapogomea. Mwaka ule alipanda pamba kandokando ya shamba, upande unaoonekana kutoka barabarani, ikasimama vizuri kama askari wa gwaride. Nyuma yake, ndani kabisa, akapanda mpunga. Munitere alipoingia kukagua, akajikuta katikati ya mpunga uliomfika kiunoni. Baba akapelekwa kwa mzungu. Alipoulizwa kwa nini amefanya vile, alijibu kwa upole wake kwamba watoto wake walijaribu kula pamba wakashindwa kuimeza. Wanasema polisi aliyemshika mkono alicheka kabla ya kukumbuka kwamba hapakuwa mahali pa kucheka. Baba akafungwa Kasongo.

Mama hakulia mbele yetu. Asubuhi iliyofuata alituchukua, mimi na dada yangu Feza, tukavuna mpunga wote uliokuwa umeiva kabla munitere hajarudi kuung'oa. Tuliutia vikapuni, juu tukatandika majani ya mihogo, tukapita mbele za watu kama wanawake waliotoka kuchuma sombe. Mimi nilikuwa mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yametimia, na kikapu changu kilikuwa kidogo, lakini nilitembea na kiburi cha mtu aliyebeba pembe za tembo.

Feza alikuwa mkubwa, msichana wa kuolewa tayari. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kutazama chini mtu akimsemesha, na watu walidhani huo ni woga. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilijua kwamba si woga. Feza alikuwa anasikiliza tu mpaka mwisho.

Haukupita muda mrefu ikaja kazi ya kuni. Bulamatari alikuwa anataka matofali, mengi sana, na tanuri lake lilikuwa limejengwa karibu na mto, si mbali na kwetu. Kila mwanamume wa kijiji alipewa magogo yake ya kupasua. Watu wa msitu waliyakata vipande na kuyabingirisha mpaka uani, na mwenye uwanja alitakiwa kuyapasua na kuyapanga rundo la kumfika mtu kifuani, refu kama ukuta wa nyumba. Yote yawe tayari kabla mvua hazijarudi. Msimamizi wa kuni alikuwa Kapita Sumaili, mtu wa kofia nyekundu na fimbo ndefu, fimbo aliyoitumia kupimia marundo na kufukuzia mbuzi.

Siku moja mchana tukaona magogo yanashushwa uani kwetu. Mama alitoka jikoni akipangusa mikono.

"Bwana Kapita," akasema, "mwenye nyumba iko kifungoni. Hizi kuni za nani?"

"Za mwenye nyumba."

"Nimekuambia iko kifungoni."

"Yeye ndiye amefungwa, mama. Kuni zake hazikufungwa." Kapita akacheka mzaha wake mwenyewe. Halafu akakaa juu ya gogo moja, bila kukaribishwa, akavua kofia. Akasema yeye si mtu mbaya. Akasema kuni zisipokuwa tayari, ataandikwa Asumani kwamba nyumba yake imekataa kazi, na huyo Asumani hatatoka upesi. Lakini njia ilikuwepo. Yeye Kapita alikuwa na wanaume wake wa kazi, wangepasua magogo yote bila Mama kugusa hata gome. Akamtazama Feza aliyekuwa akipepeta mchele kibarazani.

"Wakwe hawapelekeani polisi," akasema. "Unipe huyu, mambo itaisha."

Feza aliendelea kupepeta. Nakumbuka sauti ya mchele ukirushwa na kudakwa, haikukatika hata mara moja. Kapita alikuwa na wake wawili tayari, na wa pili tulimwona sokoni akiwa amefunga kitambaa mpaka juu ya jicho, na kila mtu alijua kwa nini.

Mama akasema, "Kuni zitakuwa tayari."

"Nani atapasua?"

"Umeuliza kuni. Hukuuliza nani."

Jioni ile alikuja baba mdogo wetu, Saidi, mdogo wake Baba. Alikuwa mtu wa dini na wa kuheshimika, naye alitupenda, lakini aliogopa Kapita kama tunavyoogopa radi: hakumchukia, alijificha tu. Mama alimwomba aje asaidie kupasua. Alikohoa. Akasema magogo yake mwenyewe bado, na mgongo unamsumbua, na Kapita amekwisha kuwaambia wanaume wote kwamba atakayepasua za Asumani ataongezewa za kwake.

"Basi niazime shoka," Mama akasema.

"Na miye nitapasulia nini? Na tena, shemeji, mwanamuke hapana pasua magogo. Watu watasema nini? Watasema nyumba ya kaka yangu imekosa wanaume."

"Si imekosa?"

Saidi alizungushazungusha tasbihi yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba, ukifikiri vizuri, Kapita si mume mbaya sana, ana mabati. Mama alisimama, akachukua chungu, akakipeleka ndani, na hakutoka tena mpaka shemeji yake alipoondoka. Kwetu hakuna mtu anayemwacha mgeni kibarazani peke yake. Mimi nilikaa naye, kwa adabu, na tukaangaliana kama watu wawili waliofukuzwa.

Ndipo tukaenda mjini kutafuta shoka. Nyumbani tulikuwa na shoka moja tu, jembamba, la kukatia matawi na kufyekea. Mama alikuwa amelijaribu. Lilizama kwenye gogo kama jino kwenye muwa likakataa kutoka, na tulipolivuta wote watatu tulianguka chali, na shoka likabaki palepale. Kwa magogo unahitaji shoka la kupasulia: kichwa chake ni kinene kama ngumi mbili, mgongo wake ni bapa kama nyundo, na ukali wake si wa kukata bali wa kusukuma mti ufunguke pande mbili.

Katika Kasongo ya siku zile palikuwa na magazini kubwa ya mfanyabiashara mmoja mzungu, yenye kibaraza kirefu na mlango wa mbao uliopakwa rangi ya buluu. Ndani mlinuka mafuta ya taa, samaki wakavu na vitambaa vipya. Mzungu alikaa nyuma na mahesabu yake. Aliyeuza alikuwa kijana mmoja wa mjini, shati jeupe, kalamu sikioni, tulimwita Karani ingawa hakuwa karani wa kitu chochote. Na kibarazani, kama kawaida, walikaa wanaume wasiokuwa na la kufanya, wakitazama nani anaingia na nani anatoka na nini.

Mama alitua kikapu cha mpunga juu ya meza. Ulikuwa ni ule ule mpunga wa Baba. Karani akautia mkono, akaunusa, akaridhika.

"Unataka nini, mama? Kikwembe? Imefika mpya, yenye ndege."

"Shoka ya kupasulia."

Karani akashusha shoka moja dogo, zuri, lenye kichwa kama cha bata. "Hii ndiyo ya mama. Kuni za jikoni, hapana shida."

"Minataka ya magogo." Mama akaonyesha ukutani, pale yalipotundikwa makubwa. Yalikuwa matatu au manne, kila moja likizidi lenzake, na la mwisho lilikuwa na kichwa ambacho ningeweza kukikalia.

Karani akacheka, na wale wa kibarazani wakasogea mlangoni. "Ile iko ya wanaume, mama. Wanaume wenyewe, si wote."

Najua sasa ni neno lipi lililomponza Mama, maana hata mimi mtoto nilisikia masikio yanapata moto. Hakuliangalia lile la kwanza wala la pili. Akanyoosha kidole kwenye lile la mwisho, kubwa kuliko yote.

"Nipe ile."

"Mama..."

"Nimesema ile. Mupunga yangu unaitaka ao huitaki?"

Tulitoka na shoka lile. Mama alilibeba begani mwake akapita katikati ya wale wanaume, shingo imenyooka, nao wakampisha. Mimi na Feza tulimfuata nyuma. Njia nzima nilijiona kama mtoto wa mfalme. Sikuona kwamba Mama alikuwa akilibadilisha bega kila baada ya mwendo mfupi, wala kwamba tulipofika karibu na kijito Feza alilipokea bila kuombwa, na Mama akampa bila kumtazama.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Shoka lile lilikuwa kama mtu mkubwa mwenye dharau. Mama aliliinua, na likifika juu ya kichwa lilimvuta nyuma. Akilishusha, lilikwenda lilikotaka lenyewe, upande, ardhini, mara moja karibu na mguu wake mpaka nikapiga kelele. Feza naye alijaribu. Alikuwa na nguvu, amezoea kutwanga, lakini kutwanga mchi unakwenda ndani ya kinu, una pa kwenda. Hapa alipiga udongo. Uani pakawa pamechimbikachimbika kama pamelala nguruwe. Viganja vya Mama vilitumbuka, akavifunga kwa vitambaa, akaendelea. Magogo yakabaki mazima, yanatutazama. Majirani wakapita taratibu kuliko walivyozoea kupita. Baba mdogo Saidi alituma mtoto kuja kuuliza kama tumekwisha fikiri vizuri.

Mama alikaa juu ya gogo, shoka liko miguuni pake. Alikaa hivyo muda mrefu, kuku wakimzunguka. Mimi nilidhani amekwisha, na kama Mama amekwisha basi Feza amekwenda. Kisha akasema, si kwetu hasa, kama anayeongea na mguu wake, "Hii shoka niliichagua sababu ya wale watu wa kibaraza. Sikuichagua sababu ya magogo."

Akasimama. "Twende mujini."

"Kufanya nini, mama?" nikauliza.

"Kuirudisha."

Feza akainua macho. "Watatucheka."

"Watacheka," Mama akasema. "Leta kibuyu ya mafuta, tutaongezea."

Wanaume wa kibaraza walikuwa pale pale, kana kwamba hawakuwa wameondoka. Walipomwona Mama na lile shoka, mmoja akaita, "Mama, magogo imeisha yote?" na kicheko kikaanza kabla hatujafika mlangoni. Mama aliingia, akaliweka shoka juu ya meza.

"Nimekuja kubadilisha. Hii iko nzito kunizidi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuagiza chumvi, na kila mtu alisikia. Kibarazani walipiga makofi. Nilitaka ardhi ipasuke kwa urahisi kuliko yale magogo.

Karani alikunja mikono, akafurahia kwanza. Halafu akasema kitu kilichotumika hakirudi. Mama akaligeuza shoka, akamwonyesha ukali wake.

"Uangalie mudomo yake. Iko alama ya kuni hapo?"

Karani akainama. Hakukuwa na alama ya kuni. Kulikuwa na udongo tu, udongo mwekundu uliokaukia kwenye chuma.

"Haikupasua hata moja," Mama akasema. "Nilipiga chini. Kila siku nilipiga chini. Haijatumika, Bwana Karani. Iko mpya."

Sasa kicheko kikawa kikubwa mpaka mzungu akatoka nyuma kuja kuona kuna nini. Karani akamweleza kwa lugha yao. Mzungu alilitazama shoka, akamtazama Mama na vitambaa vyake vya mikononi, akatazama kibuyu cha mafuta ya mawese alichokiweka mezani. Akainua mabega, akasema neno fupi, akarudi zake ndani. Karani akachukua kibuyu.

"Chagua, mama. Lakini usirudi tena."

Safari hii Mama hakuwa na haraka. Aliyashusha yote, moja baada ya jingine, akayapanga sakafuni. Akainua la kwanza kwa mikono miwili mpaka juu ya kichwa, akalizuia huko, akapumua, kisha akalishusha polepole bila kuliacha lianguke. Likishuka polepole, alisema, ni lako. Likikuponyoka ni la mwingine. Alipomaliza alimpa Feza. "Si miye tu nitapasua. Nawe jaribu." Wanaume walikuwa wakisema maneno yao mlangoni na Feza alikuwa akitazama chini, lakini aliinua, akazuia, akashusha. La kati lilikuwa linawatosha wote wawili. Lilikuwa na uzito wa kuumiza gogo, na uzito huo bado ulikuwa unasikia amri.

Tulikuwa tunakaribia kuondoka nilipokumbuka jinsi Baba alivyokuwa akichagua mipini ya majembe. Nikalala kifudifudi pale sakafuni, jicho moja nimelifumba, nikaangalia mpini kwa urefu wake. Nikaona nyuzi za mti hazikwendi moja kwa moja. Zilitoka upande, karibu na shingo ya chuma.

"Mama, hii itavunjika hapa."

"Mutoto huyu naye iko fundi?" Karani akauliza.

"Iko mutoto ya babake," Mama akasema. "Lete mupini ingine."

Na Karani, sijui kwa nini, labda alikuwa amechoka nasi, akaleta mwingine, ulionyooka, wa nyuzi ndefu zisizokatika. Akaugongea yeye mwenyewe. Tulitoka. Wanaume walikuwa bado wanacheka, lakini kicheko cha kurudia hakina chumvi, na tulipofika njia kubwa hakikusikika tena.

Nikiwaambia kwamba kuanzia siku ile magogo yalifunguka kama maganda ya karanga, nitakuwa nawadanganya. Tulijifunza taratibu. Feza ndiye aliyegundua kwamba gogo halipigwi katikati ya moyo. Alikuwa akiyaangalia kwa muda mrefu kabla ya kupiga, kama anavyowaangalia watu. Aliona zile nyufa ndogo zinazotoka katikati kwenda ukingoni, akapiga ukingoni, palepale kwenye ufa, na gogo likatoa sauti kavu, *kwa!*, likatengana, na ile harufu ikatoka. Mama alipiga vigelegele. Nilikimbia kuokota vile vipande viwili kana kwamba ni mapacha wamezaliwa. Kazi yangu ilikuwa kusimamisha magogo juu ya kisiki, kukimbia, na kurudi kupanga. Walipokezana: mmoja akipiga, mwingine anapumua. Majirani wanawake wakaanza kusimama. Mmoja akaleta maji, mwingine akaleta mihogo ya kuchoma, halafu mmoja akauliza kwa aibu kama anaweza kujaribu mara moja tu. Wanaume hawakuja. Kapita alikuwa amekataza wanaume, wanawake hakuwafikiria.

Rundo lilipanda. Likapita magoti yangu, likapita kichwa changu, likafika kifua cha Mama. Likabaki gogo moja tu, baya, lenye fundo kubwa ubavuni, tuliloliacha kila siku kwa siku ya kesho.

Kapita alikuja na fimbo yake kukiwa na watu wengi njiani, wanatoka shambani. Nadhani alikuja saa ile kwa makusudi, ili aonwe. Alipima rundo huku na huku. Lilikuwa sawa. Akapima tena. Akazunguka nyuma akaona lile gogo la fundo.

"Na hii?"

"Hiyo inabaki," Mama akasema.

"Basi kazi haijaisha. Na hizi zingine, nani amepasua? Mumeiba wanaume wa nani?" Akageukia watu. "Nimesema tangu mwanzo, hii nyumba haina mutu. Nilitaka kuisaidia. Mama yake huyu binti ndiye anakatala, yeye binti hana neno."

Feza alikuwa amekaa chini ya ukingo wa paa, miguu ameinyoosha, anapumzika. Akasimama. Akalichukua shoka, akalizunguka lile gogo kama mtu anayezunguka mnyama asiyemwamini. Aliligeuza juu chini. Hakupiga kwenye fundo. Alianzia mbali nalo, ukingoni, akabandua kipande chembamba, kisha kingine. Alilimenya gogo lile kama kiazi, upande baada ya upande, mpaka fundo likabaki peke yake, gumu, dogo, kama kichwa cha mtoto. Akaliokota kwa mkono akaliweka juu ya rundo, kwenye usawa wa fimbo ya Kapita.

Akamtazama. Sikuwahi kumwona Feza akimtazama mtu hivyo.

"Bwana Kapita, umesema sina neno. Ninalo. Mama alikatala na mudomo yake. Miye minakatala na mudomo yangu. Sikutaki. Sasa hesabu kuni."

Shoka lilikuwa bado mkononi mwake, lakini alilishika kwa chini, kwa kawaida, kama mtu aliyetoka kazini. Kapita alitazama watu. Wale wanawake waliokuwa wamejaribu shoka letu, kila mmoja mara moja tu, walikuwa wamesimama mbele, na kati yao, nilimwona kwa macho yangu, alikuwa Baba mdogo Saidi, ambaye safari hii hakuondoka. Kapita akavaa kofia yake. Akahesabu kuni. Akasema zimetimia.

Baba alitoka kifungoni mvua zilipoanza. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, na alicheka nilipomgusa kichwa. Alitembea uani, akaona udongo ulivyochimbika, akaona mikono ya Mama, akaona ya Feza. Hakuuliza. Watu walikuwa wamekwisha kumsimulia njiani, kila mmoja kwa namna yake. Asubuhi alitaka kupasua kuni za kuotea moto. Nilimsikia akikohoa nje ya mlango wa jikoni.

"Mama Feza, ninaomba shoka yako."

"Uirudishe," Mama akajibu kutoka ndani.

Feza aliolewa baadaye na mtu wa Nyangwe aliyemtaka mwenyewe, mvuvi mwenye maneno mengi, na akamsikiliza mpaka mwisho kwa miaka mingi.

Kwa muda mrefu nilisimulia habari hii kama ushindi wetu juu ya Bulamatari. Watoto wangu waliipenda hivyo. Mpaka siku moja, mimi nimekwisha kuwa na mvi zangu za kwanza, nilipita Kasongo mbele ya gereza na kuutazama ukuta wa upande wa nyuma, ule ulioongezwa wakati wa Wabelgiji. Matofali. Nilisimama pale, nikapiga hesabu ya miaka, nikamkumbuka mtu mmoja mzee aliyewahi kusema kwamba matofali ya tanuri la mtoni yalikwenda gerezani. Kuni tulizozipasua kwa viganja vilivyotumbuka ndizo zilizochoma matofali ya kumjengea Bulamatari gereza kubwa zaidi.

Nilikwenda kwa Mama. Alikuwa mzee sasa, anakaa mkekani akichambua mchele kwa vidole kwa sababu macho hayakuona tena vizuri. Nilimwambia. Nilidhani nitamuumiza, na labda, Mungu anisamehe, nilitaka tuumie pamoja.

Hakuacha kuchambua.

"Nilijua," akasema. "Wakati ule ule nilijua. Kila mutu alijua matofali ilikuwa ya nini."

"Na ukapasua?"

"Nilikuwa na nguvu ya kukatala kitu moja." Akaokota jiwe dogo, akalipapasa, akalitupa nje. "Nikachagua Feza."